Mkono wa Kushoto wa Mama

Siku ya tatu tangu arudi nyumbani, nusu ya watu wa Ngumbo, kijiji cha kando ya ziwa, walikuwa wamekwisha kumwonyesha Pankras mahali panapowauma. Alikuwa daktari mpasuaji katika hospitali ya misaada huko Sudan, vitani, na alipewa likizo ya wiki tatu apumzike. Kupumzika gani? Kila asubuhi alikuta benchi la barazani limejaa: huyu kiuno, yule jino, Mzee Zabron na henia aliyoilea miaka kumi kama kitinda mimba. Wote walilalamika kwa sauti, na Pankras aliwasikiliza wote, maana usipowasikiliza utaambiwa umekuja kuringa.

Habari za kule hakuna aliyemuuliza. Walimwambia amekonda, basi. Hakuwa na wa kumwambia kwamba akisikia injini ya boti ziwani huanza kuhesabu ni pikapu ngapi zinaleta majeruhi. Kule walishushwa uani arobaini kwa mpigo, na yeye ndiye aliyewafundisha wageni wa kazi: anayepiga kelele mwacheni kwanza, ana pumzi, mtafuteni aliyenyamaza. Alikuwa mpweke sana kule, na upweke huo alidhani angeutua nyumbani, mbele ya ugali wa muhogo na samaki wa mama yake.

Mama yake, Marselina, mjane aliyebaki peke yake katika nyumba ile, alimpikia samaki wa mbasa kila siku, akakaa naye, akanyamaza. Sahani alimpa kwa mkono wa kushoto. Utotoni Pankras aliwahi kuchapwa na mama huyohuyo kwa kumpa mgeni maji kwa kushoto, kwa hiyo alicheka moyoni, akaona uzee nao una mambo yake. Akala.

Siku ya kumi alikuja Recho, jirani aliyeimba kwaya moja na mama yake. Wagonjwa walikuwa wamekwisha kuondoka.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, baba." Recho akakaa, akazungumza habari za dagaa wa usipa, za mvua, za padri mpya. Kisha akasema, bila kumtazama, "Kuna mama mmoja hapa kijijini ana uvimbe kwenye titi. Mwaka sasa. Mkono hauinuki."

"Aje nimwone."

"Hawezi kuja kwako."

"Asione aibu, mama mdogo. Mimi ni daktari."

"Kwake yeye wewe si daktari," Recho alisema taratibu.

Uani, Marselina alikuwa anatandaza usipa juani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ameubana ubavuni. Pankras alimtazama. Siku kumi zote alikuwa amepokea sahani kutoka mkono ule, akaenda kusikiliza viuno na meno. Alijichukia kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Akatoka, akachuchumaa karibu naye. "Mama, niruhusu nikuangalie. Dakika moja tu."

"Na wewe, baba." Mama akavuta kitenge hadi shingoni. "Titi ulilonyonya? Nikuvulie wewe? Tafuta mwingine."

Hakumlaumu. Hata yeye asingejua pa kuweka macho.

Kesho yake gari la asubuhi likawapandisha milimani hadi Mbinga. Daktari waliyemkuta hospitalini aliitwa Hamphrey, kijana ambaye ndevu zilikuwa bado zinajishauri, na Marselina aliingia kwake bila wasiwasi wowote. Pankras alipotaka kufuata, muuguzi akamzuia mlangoni.

"Ndugu wa mgonjwa wasubiri nje."

Akakaa kwenye benchi, amepakata kapu la mama yake. Mikono iliyotoa risasi kwenye vifua vya watu asiowajua hata majina sasa haikuwa na kazi. Nyuma ya mlango alimsikia mama yake akisema, akisema kweli, kwa mara ya kwanza tangu arudi: ulianza lini, unauma vipi, hapo, hapohapo. Kisha akapiga kelele. Ana pumzi, Pankras alijiambia, ana pumzi, na machozi yakamtoka mbele za watu.

Hamphrey alipotoka alimweleza polepole, kwa maneno mepesi, kama aelezwavyo mtu asiyejua. Uvimbe umefika kwapani. Itabidi apelekwe hospitali kubwa, akatwe titi, kisha dawa za miezi mingi. Pankras alielewa hata yale ambayo kijana aliyaficha. Mfukoni alikuwa na simu yenye ujumbe wa jana kutoka Sudan: majeruhi wamezidi, rudi mapema ukiweza.

"Atahitaji mtu wa kukaa naye," Hamphrey alisema, akifungua faili. "Wa kumpikia, wa kumpeleka na kumrudisha. Yupo?"

Pankras aliwaona akilini walionyamaza katika ua ule wa mbali, wakisubiri atakayewatafuta. Akauona na mlango ulioachwa wazi, mama yake ndani akihangaika kufunga kitenge kwa mkono mmoja.

"Nipo mimi."

"Kazi yako itakuruhusu? Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwanawe," alisema Pankras, na Hamphrey akaandika hivyo.