Kipimo cha Kabati

Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na sheria yake ilikuwa moja: kifua hupimwa mtu akishashusha pumzi. Ukimpima amejivuna, shati litamning'inia kama pazia.

Siku hiyo mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kabati kwa mabega yake, alipanda ngazi kumi na mbili za duka akafika juu anahema kama aliyefukuzwa na nyuki. Alitaka suti ya kuvaa Jumamosi, kwenye hafla ya zawadi baada ya mashindano ya kutunisha misuli.

"Shusha pumzi," dada akasema, utepe umemzunguka kifuani.

"Nimeshusha."

"Wapi! Utepe unacheza."

"Pima tu, bibi masharti."

Akasubiri. Kifua hakikutulia. Chini ya vidole vyake moyo uligonga, ukaruka pigo, ukagonga mara mbili kwa pupa. Miezi minane amekuwa akifumua mashati ya huyu mtoto na kuyapanua, akijisifu kwa wateja. Hata siku moja hakuuliza.

"Unajichoma nini?"

Kabati akacheka, kicheko kikakatwa na kikohozi. "We ni fundi au polisi?"

"Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Sema."

Akasema. Sindano za kukuza misuli, mara mbili kwa wiki. Siku hizi analala ameketi, maana akilala chali pumzi inamkimbia. "Baada ya Jumamosi naacha, dada."

"Na Jumamosi utaifikia?"

Kabati akaegemea meza, anatafuta pumzi.

"Sikushonei," dada akasema, sauti imemlegea. "Twende zahanati."

"Nikisinyaa je? Wataniitaje?"

"Stuli. Stuli nayo inakaliwa."

Kabati akacheka huku machozi yanamtoka. Dada akaacha gauni la mteja chini ya sindano ya cherehani, akafunga duka. Kwenye ngazi akatangulia yeye.

"Ukianguka, niangukie mimi."

"Nitakuponda, dada."

"Niponde. Shuka."

Huko zahanati, muuguzi alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, kikafyatuka kwenye mkono. Akaleta kikubwa zaidi. Aliposoma namba, akavuta kiti karibu.

"Kaka, kuna dawa yoyote unayotumia?"

Kabati akamgeukia dada yake. Dada alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi. Akaliuma, akamshika tu mkono.

"Ndiyo," Kabati akasema. Akazitaja zote, moja moja, hata zile ambazo dada hakuwa amezisikia.