Nywele Zisizo na Risiti

Tok. Kimya. Tok. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Sakina tangu jua lilipozama, na chumbani kwa Nalepo kilichosikika ni matone tu, yakidondoka kutoka ncha za dredi zake hadi kwenye beseni la plastiki alilolipakata. Dredi haina haraka. Ukiiosha Jumamosi jioni, tena kwa baridi ya mwezi wa saba, inanywa maji kama sponji, na usipoikamua vizuri, kesho yake unaingia kanisani unanuka kama taulo lililosahauliwa ndani ya ndoo.

Sinyati, binti yake wa miaka minne, alikuwa amepiga magoti kitandani nyuma yake, akizikamua moja moja kwa kanga kuukuu. Kazi hiyo ilikuwa yake na hakuna aliyeruhusiwa kumpokonya.

"Mama, hizi zimetoka wapi?"

"Zimeota zenyewe," Nalepo alisema. "Kama zako."

Mtoto akaridhika. Mama ndiye aliyebaki na neno lake kooni, maana kesho yake, mbele ya usharika mzima, alitakiwa kusema vingine.

Dredi hizo hakuwa amezipanga. Mwaka aliomzaa Sinyati ndio mwaka aliojiandikisha masomo ya jioni, ualimu wa chekechea. Mchana aliuza mbogamboga kando ya barabara ya Nairobi, jioni akakaa dawati la nyuma na mtoto mgongoni, na habari ya chanuo ikawa ya kesho, na ya kesho tena, hadi nywele zilipoamua zenyewe kushikana. Alipoona hivyo hakugombana nazo. Aliziosha kwa sabuni isiyo na mafuta mengi, akazipaka maji ya shubiri kutoka uani, na kila zilipokauka alizitenganisha mashinani kwa vidole zisije zikaungana zikawa mkeka. Nta hakuipaka, saluni hakwenda. Siku alipokabidhiwa cheti zilikuwa zimemfika mabegani, na moyoni mwake vitu hivyo viwili, cheti na nywele, vilikuwa vimelelewa pamoja na mtoto.

Mtaani walimuuliza kama siku hizi anavuta. Aliyeuliza kwa masikitiko makubwa kuliko wote ni kijana mmoja wa gereji ambaye yeye mwenyewe alikuwa anavuta.

Kisha usharika ukatangaza nafasi ya mwalimu wa chekechea, na Nalepo akaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gerson, aliyepita miaka sabini lakini nywele zake nyeusi kama tairi jipya, na kola ya shati lake ikiwa na doa la rangi aliyojipaka Jumamosi. Katibu alikuwa Mwalimu Sifael, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja, kwa hiyo mambo ya nywele aliyazungumza bila woga. Wa tatu alikuwa Mama Yoeli, kiongozi wa akina mama, mwenye soft dredi za kiwandani zilizomfika kiunoni, rangi ya zabibu. Akigeuza shingo, zenyewe zilichelewa kidogo kumfuata.

Usaili ulikwenda vizuri. Walimuuliza angemfundishaje mtoto kuacha uongo. Nalepo akajibu kwamba mtoto hutazama kwanza mtu mzima anayemwamini anafanya nini. Kamati ikatikisa vichwa kwa kuridhika. Ndipo Mama Yoeli, kwa upendo kabisa, akainama akashika dredi moja akaisugua kati ya vidole kama anayechagua kitambaa.

"Mwanangu, hii umenunua duka gani? Imekaa kama ya kweli."

Nalepo akasema ni ya kweli. Mama Yoeli akaurudisha mkono wake haraka kama aliyegusa sufuria ya moto.

Mwalimu Sifael akasema wazazi wataogopa. Mzee Gerson akauliza, kwa sauti ya kutomuumiza mtu, kama nywele hizo zina imani yake nyingine. Nalepo akakana. Basi kamati, ambayo kwa kweli ilishampenda, ikaanza kumtafutia njia. Kuzikata? Mama Yoeli akapinga, zimependeza mno, na wakianza kwa kumkata yeye, watamalizia kwa nani? Mwonekano haukuwa na tatizo, zake na za huyu binti zilifanana. Tatizo lilikuwa kwamba za huyu binti ni zake.

"Za dukani hazina neno," Mzee Gerson akasema hatimaye. "Mtu akinunua nywele, zina risiti. Tunajua zilikotoka. Lakini hizi, binti yangu, nani anajua?"

Ikaamuliwa hivi: Jumapili, kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, Mama Yoeli atamtambulisha mwalimu mpya na kutaja kama kwa kupita tu kwamba nywele ni za saluni. Nalepo ataitikia kwa kichwa. Alipouliza kama huo si uongo, Mzee Gerson akamtuliza kwamba ni utaratibu tu.

Nyumbani, Koko Nkasiogi, mama mkwe wake, alicheka hadi ugoro ukamtoka puani. Gerson huyohuyo? Alimfahamu tangu akiwa moran, kijana mpiganaji, nywele zimemfika mgongoni, zimesokotwa kwa mafuta na udongo mwekundu. Asubuhi nzima alilaza kichwa mapajani mwa mwenzake akisokotwa, ng'ombe wanajichunga. Na siku mama yake alipomnyoa, kama desturi ilivyotaka, mwanaume huyo mwenye mkuki alilia watu wakamshika.

"Na hakuna aliyemuuliza risiti," Koko akasema, akijifuta.

Mika, mume wa Nalepo, alilichukulia jambo kifundi. Kichwa ni chako, alimwambia, kitikise kidogo tu, Jumatatu uanze kazi. Nalepo akakubali. Aliitaka ile kazi. Alishapita dirishani pa lile darasa akaviona viti vidogo na ubao, na usiku huohuo akaota amesimama mbele yake na chaki mkononi.

Jumapili ibada ikaisha, watu wakatoka uani kwenye jua. Mzee Gerson ndiye aliyekuwa dalali. Mayai yakauzwa, mkungu wa ndizi ukagombewa na mashemeji wawili wasiosemezana, na kabla jogoo hajapata bei, Mama Yoeli akainua mkono akamwita Nalepo mbele. Sinyati akaja naye, ameshika sketi. Watoto wa chekechea walikuwa wamekaa mstari wa kwanza kwenye nyasi, midomo wazi.

"Wapendwa, huyu ndiye mwalimu wa watoto wetu," Mama Yoeli akasema. "Na msishtushwe na kichwa. Ni saluni tu, kama hizi zangu. Sivyo, mwalimu?"

Mwalimu. Hakuwahi kuitwa hivyo na mtu mwingine, na neno lilikuwa tamu kama alivyodhani. Akamwona Mzee Gerson, jogoo kwapani, akizitazama zile dredi kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mwenyekiti. Mkono wake uliokuwa huru ukapanda hadi kisogoni, ukapapasa pale kama unaotafuta kitu, ukashuka.

Nalepo akaanza kuinamisha kichwa. Dredi zikateleza mbele, na moja ambayo bado ilikuwa mbichi ikamgusa Sinyati kwenye paji la uso. Mtoto, bila kufikiri, akainua pindo la gauni lake la Jumapili akaanza kuikamua, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama jana.

Kichwa cha Nalepo kikasimama katikati ya safari. Akaangalia ile mikono midogo. Akaangalia na mstari wa watoto kwenye nyasi, wote wakimsubiri waone mtu mzima atafanya nini. Halafu akainua kichwa, akambeba binti yake kiunoni mahali ambapo wote wangemwona.

"Sinyati," akasema, kwa ile sauti ya ualimu aliyoifanyia mazoezi jioni nyingi, "waambie nywele za mama zimetoka wapi."

Jogoo akatulia. Sinyati akawatazama watu, akamtazama Mama Yoeli kwa makini kuanzia utosini, kisha akasema kwa sauti:

"Zimeota zenyewe kichwani kwa mama."