Damu Isiyo ya Ng'ombe

Kazi ya machinjioni ilipokwisha, wanaume walijipanga ukutani kama kawaida na kuoshana kwa mpira wa maji, mabuti kwanza, kisha aproni, mpaka sakafu nyekundu ikarudi rangi yake. Mimi nilisimama mbele yao na kikapu cha vikopo vya vipimo. Afisa afya mzima, sauti kama ya mbu.

"Saratani ya utumbo mpana huanza na kijinyama kidogo," nilisema nikitazama viatu vyangu. "Hakiumi. Kipimo cha choo huonyesha damu ambayo jicho halioni. Mkishavuka arobaini na tano, pimeni hata kama hamuumwi."

Niliwaambia wote, lakini niliyemtaka asikie alikuwa mmoja tu: baba, mchinjaji wao mkuu. Mama alikuwa amenionyesha madoa ya damu kwenye shuka la baba. Babu naye alificha madoa kama hayo hadi tulipomzika.

"Binti, kikopo hiki hakinitoshi, lete ndoo!" alipaza sauti mwosha matumbo, ambaye wenzake walimwita Spika. Wakaangua kicheko. "Na baba yako mpe pipa! Siku hizi anakaa chooni mpaka ng'ombe wanamuulizia!"

Ngumi ya baba ilifika kabla kicheko hakijaisha. Nilisikia jino likivunjika.

Kazini baba huitwa Radi, na hata Spika, rafiki yake wa tangu ujana, hakujua kimempiga nini. Aliangukia kikapu changu, vikopo vikapasuka chini ya mgongo wake. Baba akamkalia kifuani, akampiga pua, mdomo, pua tena. Spika alipapasa sakafuni, akapata ndoano ya kutundikia nyama na kumchana nayo mkono. Baba hakuacha.

"Huyu ataua mtu! Fungulieni maji!" mmoja wao alipiga kelele.

Wakawafungulia mpira kwa nguvu zote, kama wanaotenganisha mbwa. Maji yakamwangusha baba, yakamwosha uso, mikono na suruali yake nyeupe. Alipoinuka alikuwa amechomoa kiunoni kisu cha kuchunia ngozi.

"Nani mwingine ana mzaha?"

Wote walikuwa wanamtazama nyuma. Kwenye suruali ile iliyotoka kuoshwa, doa jekundu lilichipuka makalioni, likatanuka, likaanza kushuka pajani. Pale damu haimshtui mtu, na ndiyo maana alikuwa amejificha vizuri. Nani angemuuliza mchinjaji ametoa wapi damu?

"Radi," Spika alisema huku akitema damu yake mwenyewe, "hiyo si ya ng'ombe, ndugu yangu."

Kufumba na kufumbua, kisu cha baba kilikuwa kooni mwa Spika.

"Rudia."

Ngozi chini ya kidevu cha Spika ilianza kuchanika. Wanaume wazima wakarudi nyuma. Sijui miguu yangu ilitoa wapi ujasiri. Nilimrukia baba, nikaukumbatia mkono wenye kisu, naye akanikung'uta kama inzi. Kisu kikapita kiganjani mwangu.

Aliiona damu yangu ikidondoka juu ya mabuti yake.

"Nimekukata," alisema. "Mama yangu, nimekukata."

"Nimekuja hapa kwa ajili yako, baba! Nyumbani nilikuogopa. Na wewe vikopo hivi havikufai. Anayeona damu kwa macho yake haendi na kikopo, anakwenda kwa daktari aangaliwe ndani kwa kamera. Leo, baba. Sitaki kukuzika kama babu."

Alinitazama kwa jicho lile la kuchinjia, nikajua atanipiga. Kisu kikamponyoka, kikalia sakafuni. Alikaa kwenye maji mekundu, akavuta aproni na kukifunga kiganja changu, mikono yake ikikosa fundo kila mara.

"Naogopa," alisema, kwa sauti ambayo hata Spika aliisikia. "Naogopa, mwanangu. Nipeleke."