Mahali pa Mguu Mkavu

Absalom Obiero aliogopa vitu viwili tu duniani: ziwa, na mtu anayelitaja vibaya. Siku hiyo ya mwaka wa sitini na moja, katika ofisi ya wakili Zacchaeus Gichuki mjini Kisumu, alikutana na hicho cha pili kabla hata hajakaa vizuri kitini.

Shughuli yenyewe ilikuwa nyepesi. Waweru, kontrakta aliyetoka Nyeri akahamia mtaa wa Kaloleni hapo Kisumu, alikuwa amepata kazi ya kuijengea kampuni ya pamba ghala kubwa, na alitaka mchanga. Absalom alikuwa nao: ufuo mzima chini ya Otonglo, mchanga safi ambao babu yake aliuchota, baba yake akauchota, na bado ulikuwepo. Alikuwa pia na lori kuukuu lililomeza ng'ombe wote wa boma lake. Lori hilo ndilo Waweru alilotaka liwe dhamana. Mchanga ukikosa kufika, lori linakwenda, na Absalom na Lornah mkewe wanabaki wakitazamana.

"Sasa," akasema wakili akiwa na kalamu mkononi, "mchanga wote utatoka hapo ufuoni. Na ziwa likipanda je?"

Absalom akaruka kitini. "Wakili! Hiyo maneno wachana nayo. Nam inasikia!"

Nam ndilo ziwa kwa Kijaluo. Na kwao Absalom, baya halitajwi kabla halijafika. Ukilitaja, umelifungulia mlango na kulitandikia mkeka.

"Ni swali tu, Mzee," akasema Gichuki.

"Swali gani? Kwenu ni milima, wewe hujui. Ukiandika hiyo, mimi siweki kidole."

Waweru akacheka. "Andika tu yeye ataleta mchanga, Bwana Gichuki. Tangu lini ziwa ikapanda? Ni maji, si mbuzi."

Wakili mwingine angebisha, au angeacha kifungu hicho kife apate chakula chake cha mchana mapema. Huyu aliweka kalamu chini, akamgeukia Absalom.

"Basi tusitaje baya. Nitajie zuri. Siku ya kazi njema, mnachota mchanga mkisimama wapi?"

"Juu ya mchanga. Mguu mkavu."

"Na Bwana Waweru akija kukagua?"

"Yeye pia. Hata na hivyo viatu vyake vya kung'aa."

Gichuki akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Mchanga utachotwa katika ufuo huo, mahali ambapo muuzaji na mnunuzi wanaweza kusimama wote wawili, mguu mkavu. Siku ambazo mahali pa namna hiyo hapapatikani, mkataba huu utalala, na dhamana haitaguswa."

Absalom alitega sikio kama anayetafuta jiwe kwenye mchele. Hakusikia mafuriko wala hasira ya ziwa. Akabonyeza kidole chake kwenye wino, na alipotoka nje akamnung'unikia mkewe kwamba yule wakili hupoteza karatasi kwa mambo yanayojulikana na kila mtoto.

Mwisho wa mwaka ule mvua zilikuja zikasahau kwenda kwao. Uwanda wa Kano ukafurika. Watu walitazama mito wakapiga mayowe, lakini Absalom alitazama ziwa, na ziwa halikupiga kelele yoyote. Hilo ndilo lililomtia hofu. Halikuleta wimbi wala dhoruba. Lilisogea kimya kimya, kama mgeni anayevuta kigoda chake polepole mpaka anajikuta kando ya chungu. Asubuhi moja Lornah alimwita aone: mtumbwi ulikuwa ukielea pale walipozoea kugeuzia lori. Absalom akasimama, mdomo wazi. Alikuwa ameishi kando ya maji hayo tangu kuzaliwa, na siku hiyo akajua kwamba hakuwahi kuyajua. Aliogopa sana, na chini ya hofu ile kulikuwa na kitu kama furaha, akakionea aibu, kwa kuwa lori lake lilikuwa karibu kumtoka.

Waweru alifika baada ya Krismasi na dereva wa kulichukua. "Pole, Mzee, lakini mkataba ni mkataba."

"Basi tumwite aliyeiandika," Absalom akajibu.

Gichuki alipokuja hakuhojiana na mtu. Aliwaambia tu waende ufuoni wakasimame, kama walivyokubaliana. Wakaingia majini, yakafika kwenye vifundo, kisha magotini. Waweru, suruali ameikunja na viatu amevishika mkononi, akageuka huku na huku.

"Ufuo uko wapi?"

"Umesimama juu yake," Absalom akasema.

Mbele yao maji yalienda mpaka yakakutana na mbingu. Miti iliyokuwa nchi kavu ilionyesha vilele tu. Kisiwa cha mafunjo kilichong'oka kilipita taratibu, korongo amesimama juu yake bila wasiwasi wowote. Wakili, aliyebaki ukingoni, alivua kofia. Kisha akasoma kile kifungu, na Absalom akasikia nywele zikimsimama. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, maneno ya siku njema, na sasa yalikuwa yamesimama kati ya lori lake na ziwa lote hili. Hakujua ashangae lipi zaidi, maji au karatasi.

"Mkataba umelala," Gichuki akasema. "Lori haliguswi."

Waweru hakubisha, wala hakutoka majini. "Wakili," akauliza taratibu, "na ule wangu na kampuni ya pamba?"

"Sijauona. Nani aliuandika?"

"Mimi mwenyewe. Nilisema kwa nini nilipe mtu kwa maneno."

"Ukaandika nini?"

"Ghala litasimama ikifika Pasaka, liwe liwalo."

Gichuki akafumba macho. "Na dhamana?"

"Vifaa vyangu vyote. Na shamba ya nyumbani. Mke wangu Mumbi hajui bado."

Absalom alimtazama mtu huyu aliyekuja kumnyang'anya lori. Alidhani angefurahi, akatafuta furaha hiyo moyoni asiione. Aliona tu jinsi yale maneno mawili, liwe liwalo, yalivyokuwa mazito. Mtu mzima ameyaandika akicheka, na sasa yanamzamisha akiwa kwenye maji ya magoti.

"Huko juu Kibos, mtoni, mchanga iko," akasema mwishowe. "Si mzuri kama huu. Na barabara ni matope tupu."

"Mzee," Gichuki akamkumbusha kwa upole, "mkataba wako umelala. Hulazimiki."

"Wacha ilale. Mimi niko macho."

Akampa Waweru mkono, wakatoka majini pamoja kwenda kuliwasha lori.