Watu Chumbani kwa Mama

Siwapendi watalii, na sitalisema hilo kwa maneno matamu. Mtaa wetu una nyumba za kale, basi wanatupiga picha tukifua, tukigombana, tukikemea watoto. Jirani yangu siku hizi akienda kutupa takataka anavaa nguo za kutokea.

Lakini na sisi tuna letu. Hapa mtaani mlango haufungwi mchana. Ukiufunga, majirani wanajua umewanunia. Wageni wanaukuta wazi, wanadhani ni makumbusho. Na mdogo wangu, ambaye kazi yake ni kuwatembeza, hana mpango wa kuwaambia vingine.

Jana nilitoka kununua uzi wa cherehani. Kurudi, nikakuta viatu vya watu vimejaa ukumbini na sauti ya mdogo wangu inatoka chumbani kwa mama. Mama ana mguu mbovu, hatoki kitandani. Nikachungulia. Chumba kimejaa watu, simu juu, na yule hayawani anawaeleza kitanda kilichongwa na nani. Mmoja alikuwa ameinua chandarua ili mama aonekane vizuri.

Damu ikanichemka. Nikanyakua mkasi mezani kwangu.

"Tokeni! Wote, nje!"

Lugha hawakuielewa, ila mkasi waliuelewa upesi. Walitoka wakikanyagana.

"Dada, unaniharibia kazi!" mdogo wangu akafoka. "Mama mwenyewe kakubali."

"Kakubali, au hana pa kukimbilia?"

"Nyumba hii si yako peke yako."

"Na mama si kinyago chako. Toka, kabla sijakutia adabu mbele ya wateja wako."

Akatoka akisonya. Nikapiga komeo mchana kweupe. Majirani wakinuna, wanune.

Nikarudi kwa mama. Alikuwa amekaa wima, kanga imepangwa vizuri mabegani, mguu mbovu ameukunja chini yake, mkao wa kupigiwa picha ambao daktari alimkataza. Jasho lilimtiririka kwa maumivu.

"Mama, wameshaondoka. Nyoosha mguu."

Hakuunyoosha. Nikaona hasira yangu yote haijamsaidia kitu.

"Mama, ni mimi. Kaa unavyotaka."

Akanitazama kwa woga, mama yangu mzazi, ndani ya chumba alichonizalia.

"Mwanangu," akanong'ona, "wewe unataka nikaeje?"