Koti la Kinyozi

Kiti cha kunyolea kilipokosa kichwa, wa kwanza kugundua alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili. Alikaa, akajiegemeza kwa mazoea, shingo ikaning'inia nyuma kama ya kuku aliyekwisha kuchinjwa. Akauliza kama siku hizi na kiti nacho kimepelekwa kufanyiwa upasuaji. Kinyozi alicheka kidogo, akasema kile chuma cha kuegemea kichwa kimelegea, amekitoa akitengeneze. Binti yake, aliyekuwa akifagia nywele sakafuni, aliinama zaidi juu ya ufagio. Alijua chuma kiko wapi. Alikishonea mfuko yeye mwenyewe, ndani ya koti la baba yake.

Wateja walimpachika binti huyo jina la Kimya. Hakuwa bubu wala hakuwa na kiburi, ila maneno yake mengi yalikuwa yakifika kooni yanageuza njia. Mtu akimsalimia, aliitikia kwa sauti ambayo ufagio tu ndio uliisikia. Baba yake peke yake hakumwita hivyo. Yeye alimwita mama, kwa sababu alichukua jina la bibi yake. Mama mzazi alipofariki wakabaki wawili nyuma ya kile kibanda cha kunyolea, mmoja wa kusema na mmoja wa kusikiliza, na maisha yakaenda.

Kisha ikaja saratani ya utumbo. Baba akapasuliwa, akapona kidonda, akaambiwa sasa aanze dripu za dawa, ili mabaki ya ugonjwa yasipate pa kujificha.

Dawa ile iliingia kwa upole na kutoka kwa fujo. Siku ya dripu alirudi nyumbani akitania watu njiani. Kesho yake ndipo ulimwengu ulipogeuka. Harufu ya mafuta ya nywele, aliyoishi nayo tangu ujana, ilimtapisha. Kijiko kilimwachia ladha ya chuma, Kimya akamtafutia cha plastiki. Mdomo ulimtoka vidonda, akawa anasukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kabla ya kula na baada ya kula. Akigusa maji baridi, vidole vilimchoma kama amekamata upupu, na asipogusa kitu vilikufa ganzi. Wembe akauweka kando, akawa ananyoa kwa mashine tu, na wateja wa ndevu akawaomba radhi.

Kimya alijifunza mambo ambayo hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alijua kwamba sahani iliyojaa humshinda mgonjwa kabla hajaigusa, basi akawa anapakua kidogo, anaweka, anaondoka. Akirudi anakuta robo imeliwa, na robo hiyo ni sherehe. Alijua kumpima joto paji la uso linapong'aa, maana nesi aliwaonya kwamba homa kwa mtu wa dripu si ya kusubiri mpaka kuche. Alijua pia kutosema "pole" kila saa. Pole nyingi nazo huchosha.

Jambo moja tu lilimshinda. Nyama za baba yake zilikuwa zinayeyuka. Suruali ilishikwa na mkanda, na mkanda ulishikwa na matundu mapya aliyotoboa fundi viatu kwa sindano yake, huku akisema kwamba akiendelea hivi watauzungusha mara mbili.

Katika zamu moja ya dripu, mgonjwa aliyekuwa mbele yao kwenye foleni alipanda mizani, nesi akatikisa kichwa, akaambiwa leo hapati dawa, uzito umeshuka mno, aende nyumbani ale. Zamu iliyofuata, baba alimtafuta yule mtu kwa macho benchi zote. Hakuwepo. Utani wa baba ulikatika kama uzi.

Siku ile ile alilitoa koti lake zito, akamwomba mwanawe sindano. "Mama, nishonee mifuko humu ndani. Mipana. Na jambo hili liishie hapa." Kimya alishona. Alishona vizuri, maana hakujua kushona vibaya. Mfuko mmoja ukaingia chuma cha kiti, wa pili kinoo, wa tatu ile mashine ya mkono ya zamani iliyokuwa ikikaa dirishani kama pambo.

Mizani ikadanganyika. Nesi mwenye miwani alimwambia mzee avue koti. Mzee akasema anasikia baridi, dawa zao zimemmaliza joto lote, na nesi akamhurumia. Uzito ukasomeka mzuri. Nesi akamgeukia binti, akamsifu kwamba anajua kumlisha baba. Kimya alitazama vigae vya sakafu, sifa ile ikamwingia kama mwiba.

Baada ya dripu hiyo mambo yalizidi. Baba alitapika mpaka akawa anatapika hewa. Alianguka mlangoni pa bafu, akashindwa kuinuka mpaka fundi viatu alipoitwa. Kimya alipomtazama kwa macho ya kuuliza, baba alijibu kile alichozoea kuwajibu wateja anapowapaka spiriti baada ya kuwanyoa: dawa isiyochoma si dawa. Binti akaamini nusu. Nusu nyingine ikakaa macho.

Zamu iliyofuata waliketi kwenye benchi, koti likiwa limembana baba mabega kwa uzito wake. Pembeni yao alikuwepo mama mmoja mgeni, ndiyo kwanza anaanza, anamuuliza nesi maswali bila kupumua. Mwishoni akauliza kwa nini kila mara lazima wapimwe, kwani wao ni magunia ya mahindi?

Nesi akacheka. "Mama yangu, dawa hii haipimwi kwa kijiko. Tunaipima kwa mwili wa mtu. Ukipungua, na sisi tunapunguza. Nikikupa ya mtu mzito kuliko wewe, itakuponda badala ya kukutibu."

Kimya alilitazama lile koti. Akamgeukia baba. Baba alikuwa ametulia, macho mlangoni, ama hakusikia ama alisikia akaamua kutosikia. Akamvuta kidogo mkono wa koti. Baba akautoa mkono wake, taratibu, kama mtu anayemwondoa nzi.

Wakaitwa. Mzee akanyanyuka, akaimba wimbo wake wa baridi hata kabla hajaulizwa, akapandisha mguu mmoja kwenye mizani.

Binti alifungua kinywa. Maneno yalifika kooni, kama siku zote, yakaanza kugeuza njia. Akaona ule mguu: kifundo kilichobaki mfupa, soksi iliyolegea kama ya kuazima. Akasema. Nesi hakusikia, akainama, akamwomba arudie. Na kwa kuwa alijua akirudia kwa sauti ile ile hatarudia tena maishani, alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

"Dada, ndani ya koti kuna vyuma."

Benchi zote zikageuka. Baba alishusha mguu. Hakumtazama mwanawe. Alifungua vifungo kimoja kimoja, kwa vidole visivyojisikia, na kazi hiyo ikachukua muda mrefu wa aibu. Koti lilipowekwa kwenye kiti lilitoa mlio wa karakana. Yule mama wa maswali alitazama pembeni kwa heshima.

Nesi hakufoka. Alimpima upya, akasoma, akasoma tena, akamwita daktari. Walikaa chumbani na daktari kitambo. Ikaamuliwa kwamba dripu iahirishwe wiki moja, kipimo cha dawa kikatwe kulingana na mwili wake wa kweli, na vidonge vya kuzuia kutapika vibadilishwe, kwa sababu vile vya kwanza ni wazi vilikuwa vimeshindwa kazi na hakuna aliyewaambia. Wakati wa kutoka, nesi aliwasindikiza mpaka mlangoni, akamuuliza mzee nini kilimsukuma. Mzee akamtaja yule mgonjwa aliyerudishwa. Nesi akashangaa. Mbona yule alirudi wiki iliyofuata, mzima, kaongezeka? Wamembadilishia siku tu.

Njia nzima baba hakusema neno. Nyumbani aliingia, akalala, akaelekea ukutani. Kimya aliweka uji wa uvuguvugu na kijiko cha plastiki, akaondoka. Alikaa kibandani, akatoa chuma kwenye koti, akakirudisha kwenye kiti, akakaza skrubu. Alijiambia kwamba kama baba hatasema naye tena, si neno, mradi awe hai wa kutosema naye. Lakini machozi hayakukubali hoja hiyo.

Jioni jua likiwa bado halijazama, pazia la nyuma lilisogea. Baba alikuwa amesimama, kofia mkononi. Kichwa chake, alichokuwa akikificha hata usingizini, kilikuwa na nywele za visiwa visiwa. Alikuwa amekataa kuzinyoa. Fundi viatu alishawahi kumwambia kwamba kinyozi mwenye upara ni kama yeye kutembea pekupeku, nao wakacheka, ila mmoja wao hakuwa anacheka kweli.

Alikaa kwenye kiti. Akaegemeza kichwa. Chuma kikampokea.

"Kinyozi hajinyoi," alisema, macho juu darini. "Haya. Shika mashine. Wembe acha, nesi amekataza."

Kimya akamfunga kitambaa shingoni. Mkono ukakumbuka yote ambayo macho yalikuwa yameona miaka hiyo yote ya kufagia. Nywele zilianguka nyepesi, hazikuwa na sauti.

"Kazi hii, mama," baba alisema, "mteja ukimwambia rudi wiki ijayo, hujamwambia rudi. Umemwambia nenda. Hawarudi. Nilidhani na wao wananiambia nenda."

Binti alinyoa mpaka nyuma ya sikio kabla ya kujibu. "Mimi sikukwambia nenda, Baba."

"Nimesikia. Hospitali nzima imesikia." Mabega yake yakaanza kutikisika, na ilimchukua Kimya muda kujua kwamba anacheka. "Sauti yote hiyo ulikuwa umeiweka wapi?"

Fundi viatu alipochungulia na kukikuta kile kichwa kinang'aa, alivua viatu vyake pale pale mlangoni, akaingia pekupeku, akakaa.

Wiki ile vidonge vipya vilikubaliana naye. Si kwamba alipona, hapana. Bado kuna siku alishinda kitandani akiichukia hata harufu ya maji. Lakini robo ya sahani ikawa nusu, na kila lililomsumbua Kimya alilisema kwa nesi, kwa sauti ndogo, ila alilisema.

Siku ya dripu, kabla hawajaitwa, baba alivua koti mwenyewe akampa mwanawe. Lilikuwa jepesi. Hata hivyo vidole vya Kimya vilipita mifuko yote mitatu, na katika wa mwisho vikagusa kitu. Kitana kidogo cha plastiki.

Akakitazama kile kichwa kisicho na hata unywele mmoja. "Cha nini, Baba?"

"Cha zikirudi," alisema mzee, akienda kwenye mizani na fulana yake. "Hicho kiache. Hakina uzito."