Nafasi ya Sifuri

Mpokezi wa zahanati alijifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa sababu ya makelele. Kila asubuhi wagonjwa waligombania mlango kama kuku waliomwagiwa mtama, na mwenye mabavu ndiye aliyemwona daktari. Akajiunga na darasa la jioni la wanaoanza, na siku walipofika kwenye orodha, akajua amepata dawa. Akatengeneza orodha moja tu, akaiita foleni. Mgonjwa akija, foleni.append inamweka mwishoni. Daktari akiwa tayari, foleni.pop(0) inamtoa wa mbele, kwa sababu Python huanza kuhesabu na sifuri.

Makelele yakaisha. Watu wakawa wanakaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa.

Kwa kuwa asingeweza kushinda mezani kutwa, alimfundisha wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa karani hapohapo.

"Wa kwanza mbona anaitwa sifuri?" wifi akauliza.

"Ndivyo kompyuta inavyohesabu."

"Basi haina adabu. Mtu kaamka alfajiri, unamwita sifuri!"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mpokezi akamwonyesha na insert, inayomwingiza mtu popote utakapo.

"Hii ni ya dharura tu, wifi. Anayevuja damu, mweke nafasi ya sifuri. Mwingine yeyote, hata mama yangu, ni append."

"Mama mkwe? Huyo nitamweka mwishoni kwa roho safi!"

Hazikupita wiki nyingi, minong'ono ikaanza. Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye homa alimwinamia dirishani. "Dada, mashine yako inajua kuchagua watu."

"Kompyuta haina ndugu, mama," mpokezi akamjibu, naye aliamini.

Malalamiko yakamfikia daktari. Mpokezi akaijaribu programu upya kwa majina ya kubuni. Kila jina likatoka kwa zamu yake. Daktari alipouliza kama kuna mwingine anayeigusa, akajibu bila kusita, "Wifi yangu tu. Huyo namwamini kuliko nafsi yangu."

Siku moja mchana alirudi mapema kutoka kula, akapitia mlango wa nyuma. Wifi alikuwa ameinamia kibodi. Mbele yake amesimama mjomba wake, mzima wa afya, shati limepigwa pasi. Kwenye kioo mpokezi akaliona neno insert, na sifuri yake.

"Usijali, mjomba, unaingia sasa hivi," wifi alikuwa akisema. "Wakipiga kelele, waambie ni programu ya wifi ndiyo mbovu. Wamekwisha kuzoea kumlaumu yeye."

Kupendelea ndugu mpokezi angeweza kusamehe. Nani hana ndugu? Lakini hilo la mwisho lilimchoma kama msumari wa moto.

"Wifi," aliita.

Yule akageuka, uso umembadilika. Kisha akajikaza. "Ah, mambo madogo haya. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Nilikufundisha kazi. Kunivua nguo mbele za watu ulijifunza wapi?"

Jioni kaka yake alikuja kumsihi. "Dada, ya nyumbani yaishe nyumbani. Ukimsema kwa daktari, utanivunjia nyumba."

"Na mimi nilipotukanwa kwa kosa la mkeo, kaka, ulikuwa wapi?"

Kaka akatazama chini. Hapo mpokezi akatambua kwamba kaka yake alikuwa anajua siku zote, na akahisi amepigwa mara ya pili.

Asubuhi alimweleza daktari kila kitu, kisha akasimama mbele ya mabenchi akawaomba radhi wagonjwa. Tangu siku hiyo insert ilifunguka kwa neno la siri la daktari peke yake, na wifi akahamishiwa stoo ya dawa. Yule mama wa mtoto alimpa mkono.

Wifi yake hakumpa. Walipopishana kwenye korido, alimpita kama anayepita ukuta, na mpokezi akarudi mezani, akafuta macho, akaita jina lililofuata.